MIZANI YA SIRI HAIPIMI HAKI



Mwaka 1988 tuliambiwa tujipange nyuma ya wagombea au nyuma ya picha zao ili tuhesabiwe. Tukajipanga. Tukahesabu sisi wenyewe, juani, watoto wetu wakitazama. Kisha afisa akasimama na kutangaza kwamba mlolongo mfupi ndio mrefu, na mlolongo mrefu ndio mfupi. Viongozi wa makanisa walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu mwaka 1986, wakieleza kwamba mchungaji hawezi kusimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja na bado akabaki mchungaji wa kundi zima. Hawakusikizwa. Hata hivyo, mwananchi wa siku zile alibakiwa na kitu kimoja ambacho hakuna afisa aliyeweza kumnyang'anya: aliiona foleni. Alijua kwamba ameibiwa kwa kuwa alikuwa amejionea.

Leo tunahesabiwa tena. Safari hii kinachohesabiwa si kura yetu bali ni umaskini wetu. Na safari hii foleni haionekani.

Tunazungumzia kipimo cha uwezo wa kaya, kile kinachotumiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, kukadiria ni kaya ipi ilipe kiasi gani kwa bima ya afya ya Serikali, na ni kaya ipi isiyojiweza kabisa hata istahili kulipiwa. Msimamo wetu tunautangaza mapema, asije mtu akatusingizia. Hatupingi kuchangia. Hatupingi tajiri na maskini kutofautishwa. Tunachopinga ni kupimwa kwa mizani iliyofungiwa kabatini, ambayo mpimwaji haruhusiwi kuisoma wala kuibishia. Mizani ya namna hiyo haipimi. Inahukumu.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipitishwa mwaka 2023, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kila mwezi. Hesabu yake haina fumbo. Akilipwa shilingi 40,000, hukatwa shilingi 1,100. Akiona amekatwa zaidi, anabisha hodi kwa mhasibu akiwa na hati ya mshahara mkononi, na jambo linasawazishwa kabla ya jua kutua.

Lakini Wakenya wengi hawana hati ya mshahara. Wako wauza mboga, mafundi wa baiskeli, wavuvi, wafugaji, waendeshaji bodaboda na vibarua wa mashamba ya watu. Hao nao wanatakiwa kulipa asilimia ile ile 2.75 ya mapato ya kaya, ila mapato yenyewe hukadiriwa kwa chombo cha kupima uwezo, na mchango hauruhusiwi kupungua shilingi 300 kwa mwezi. Tena, wakati mwenye mshahara anakatwa mwezi baada ya mwezi, asiye na mshahara anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Yule mwenye uhakika wa kesho anaruhusiwa kulipa kidogo kidogo, na yule asiyejua atakula nini jioni anaambiwa alipe miezi 12 mbele.

Chombo hicho hufanyaje kazi? Hakitosheki na kuuliza mtu anapata pesa ngapi. Huuliza juu ya nyumba: paa ni la nini, ukuta ni wa udongo au wa mawe, sakafu ni ya saruji au ya kukandikwa, choo ni cha namna gani, maji yanatoka wapi, chakula hupikwa kwa kuni, makaa au gesi, mwangaza ni wa nini, kuna mifugo, ni wangapi wanaolala nyumbani na wamesoma hadi wapi. Kila jibu lina uzito wake katika hesabu. Uzito huo unatokana na takwimu: wataalamu huchukua kaya zilizowahi kuchunguzwa kwa kina, hutazama zile zenye mabati na gesi hutumia pesa ngapi kwa wastani, kisha huandika kanuni. Ukisema una mabati na gesi, kompyuta inakupa wastani wa wenye mabati na gesi. Wewe mwenyewe haikujui.

Wastani ni kitu cha manufaa kwa anayepanga bajeti ya nchi nzima. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuugua kwa wastani, wala hospitali haitoi bili ya wastani. Kila kanuni ya namna hii, hata ikitungwa na watu waaminifu na hodari, hukosea pande mbili: humwita tajiri maskini, na humwita maskini tajiri. Wanaoitunga wanalijua hilo. Kosa la kwanza huila hazina. Kosa la pili hula watu.

MJANE NA MABATI YAKE

Tuchukue mfano ambao kila mshirika wa kanisa atautambua, kila mmoja kwa sura ya mtu anayemjua. Mama mjane anauza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara. Mumewe alipofariki, jamaa na majirani walifanya harambee ya mazishi, na zilizobaki baada ya kununua jeneza zikanunua mabati, kwa kuwa nyasi za paa zilikuwa zimeoza. Sakafu ya saruji alimwagiwa na vijana wa kanisa. Mtungi mdogo wa gesi aliachiwa na binti yake aliyekuwa akifanya kazi ya nyumbani mjini. Taa ya sola anailipia shilingi chache kila siku, na siku asipolipa inazimika. Mwanawe yuko kidato cha tatu kwa msaada wa parokia. Siku njema anapata faida ya shilingi 300. Siku ya mvua harudishi hata nauli. Mwezi ukimwendea vizuri anashika kama shilingi 6,000.

Mlete sasa mbele ya kompyuta. Paa: mabati. Sakafu: saruji. Upishi: gesi. Mwangaza: sola. Elimu: sekondari. Maswali ya namna hii huhesabu kilichopo. Hayaulizi kililetwa na nani. Kila rehema aliyotendewa inageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Harambee ya matanga imekuwa mapato. Sadaka ya waumini imekuwa mali. Jasho la vijana wa kanisa limempandisha daraja.

Tuseme sasa kompyuta inamwambia mchango wake ni shilingi 825 kwa mwezi. Hapo ndipo tunapomwomba kila mwanaharakati na kila mzee wa kanisa ajifunze hesabu moja nyepesi na kuwafundisha wengine. Asilimia 2.75 ya shilingi 10,000 ni shilingi 275. Kwa hiyo, kila shilingi 275 katika mchango wa mwezi ni tangazo kwamba kaya hiyo imehesabiwa kuwa na mapato ya shilingi 10,000. Shilingi 825 ni 275 mara tatu. Maana yake kompyuta imetangaza kwamba mama huyu anaingiza shilingi 30,000 kila mwezi. Kwa mwaka anadaiwa shilingi 9,900 kwa mkupuo. Mapato yake ya kweli ni 6,000, na mchango wa haki, kwa asilimia iliyoandikwa katika sheria, ungekuwa shilingi 165.

Mpe mama huyo hesabu hiyo kwenye karatasi, naye atacheka kwanza, kisha atanyamaza. Hakuwahi kujua kwamba yeye ni mtu wa shilingi 30,000. Hakuna aliyemwambia. Aliambiwa tu alipe.

SAKAFU YA SHILINGI 300

Na hata kompyuta ikimhurumia na kumteremsha hadi chini kabisa, bado kuna jambo. Shilingi 300 ni asilimia 2.75 ya shilingi 10,909. Yeyote anayepata chini ya hapo kwa mwezi analipa sehemu kubwa zaidi ya mapato yake kuliko mtu mwenye mshahara mnono. Kwa mama wa shilingi 6,000, mchango wa 300 ni asilimia 5. Kwa kibarua wa shilingi 4,000, ni asilimia 7.5. Mzee wa miaka 70 anayeishi kwa shilingi 2,000 za Inua Jamii, asipoingizwa katika orodha ya wanaolipiwa, anadaiwa asilimia 15. Mheshimiwa anayelipwa nusu milioni hukatwa asilimia 2.75, wala haongezewi hata robo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 201, inaagiza kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Watatuambia kwamba huu ni mchango, si kodi. Sisi tunajibu kwamba bega linalobeba halijui tofauti ya majina.

Yule aliyeketi kuelekea sanduku la hazina hekaluni akamtazama mjane akitia sarafu zake mbili hakuhesabu kilichoingia katika sanduku. Alihesabu kilichobaki mkononi. Hicho ndicho kipimo cha uwezo tunachofundishwa kila Jumapili, na tunashangaa kuona kinaachwa mlangoni siku ya Jumatatu.

HAYA SI MANENO YA HEWANI

Kuna wanaodhani tunabishana juu ya takwimu. Hapana. Kaya iliyojiandikisha hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya Serikali, na hilo tunalikubali kuwa jema. Lakini ugonjwa unapopanda hadi hospitali, unapofika kwenye kulazwa, upasuaji, kusafisha figo au kujifungua kwa shida, swali la kwanza dirishani ni kama mchango umelipwa. Chini ya mpango wa awali wa Linda Mama, mama mjamzito hakudaiwa mchango ndipo ahudumiwe. Leo bei zilizowekwa na SHA ni shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na shilingi 30,000 kwa upasuaji, na kaya isiyolipa ya mwaka mzima inaachiwa bili hiyo. Yule mjane, binti yake akishikwa na uchungu usiku, hatahukumiwa na daktari. Atakuwa amekwisha kuhukumiwa miezi mingi kabla, siku ile aliyojibu kwa unyofu kwamba paa lake ni la mabati.

Tunajua kwamba uko mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, ambao humkopesha mtu alipe ya mwaka kisha arejeshe kidogo kidogo. Hatuudharau. Lakini mkopo hausahihishi makadirio. Aliyekadiriwa vibaya akakopeshwa kulipia kosa la kompyuta amebaki na makosa mawili, na yote mawili yanasomwa kwa jina lake.

WATETEZI WA MIZANI WANASEMAJE

Hatutaki kushindana na kivuli. Tuwasikize wenzetu.

Wanasema: mtindo wa NHIF haukuwa wa haki, kwani mchuuzi na mwenye nyumba za kupangisha walilipa shilingi 500 sawasawa. Ni kweli. Hatuutetei. Lakini shilingi 500 zilikuwa na sifa moja: kila mtu alizijua. Kuondoa dhuluma iliyo wazi na kuweka dhuluma iliyofichwa si maendeleo.

Wanasema: watu watadanganya. Wako watakaodanganya. Hata hivyo, mfanyabiashara mkubwa mwenye uwezo wa kuficha mali hahitaji kuijua kanuni, ana mhasibu. Anayebaki kupimwa na siri ni yule ambaye nyumba yake yote inaonekana kwa kusimama mlangoni. Na mtoza kodi hafichi viwango vya kodi kwa kuogopa udanganyifu. Huvichapisha, kisha huwafuata wadanganyifu.

Wanasema: maskini watalipiwa. Oktoba 2025 Serikali ilizindua mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Tunaushukuru kwa moyo mmoja, kwani hata mtu mmoja aliyelipiwa ni nyumba moja iliyopumua. Lakini hebu tuweke hesabu hiyo kando ya nyingine ya Serikali hiyo hiyo. Shirika la Taifa la Takwimu lilikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 39.8 ya Wakenya, zaidi ya watu milioni 20, waliishi chini ya mstari wa umaskini. Kama maskini ni milioni 20 na wanaolipiwa ni milioni 2.2, basi kwa kila maskini mmoja aliyelipiwa wako wanane walioachwa. Wanane hao ni nani? Walipimwa na kuonekana wana uwezo? Au fedha ziliisha, kisha mizani ikarekebishwa ilingane na fedha? Hatuna haja ya kumshtaki mtu. Tunauliza tu, na jibu la swali hilo limo ndani ya kanuni ambayo hatuoneshwi.

TULIWAHI KUPITA NJIA HII

Wazee wetu wanakumbuka kwamba Uhuru ulipokuja taifa lilitangaza maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 ada ya shilingi tano katika vituo vya afya vya Serikali ikaondolewa. Desemba 1989 ada zikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Wagonjwa walipungua ghafla katika zahanati, na Septemba 1990 ada zikasimamishwa, kisha kuanzia mwaka 1992 zikarejeshwa hatua kwa hatua.

Wakati huo pia tuliambiwa kwamba maskini atasamehewa. Msamaha ulikuwapo, lakini wengi waliostahili hawakujua kwamba upo, na aliyejua alipaswa kusimama mbele ya afisa na kuuthibitisha umaskini wake kama mshtakiwa anayethibitisha kwamba hakuwapo mahali pa kosa. Aliyekuwa na haya alirudi nyumbani na homa yake.

Hatusahau pia zamani za kadi ya chama, ilipodaiwa sokoni na kwenye kituo cha basi. Kwa hiyo hatuombi kwamba kompyuta itupwe na chifu apewe daftari aandike maskini anaowapenda. Tumeyaona hayo. Siri ya afisa mmoja na siri ya kompyuta moja ni ndugu wa tumbo moja. Dawa ya zote mbili ni uwazi.

Na uwazi ndio uliokosekana tangu mwanzo. Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba sheria hii na nyingine mbili za afya zilizopitishwa pamoja nayo zilikiuka Katiba, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na siku chache baadaye mpango ukaanza. Tunaiheshimu mahakama. Lakini kusimamishwa kwa hukumu hakukuwaleta wananchi katika mkutano ambao hawakualikwa.

Zaidi ya hayo, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliyofika Bungeni mwaka 2025 ilionya kwamba mfumo wa teknolojia unaoendesha mpango huu, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na Serikali. Tafakarini jambo hilo. Mwananchi anapimwa kwa mizani asiyoiona, iliyo ndani ya mtambo ambao hata Serikali yake si mwenyewe. Akitaka kulalamika, amlalamikie nani?

KATIBA TULIYOIPIGANIA

Katiba hatukupewa kama zawadi. Ilitoka Saba Saba ya mwaka 1990, ikapitia kufutwa kwa Kifungu cha 2A mwezi wa Desemba 1991, ikapitia Ufungamano, ikafika Agosti 2010 ikiwa na alama za marungu mgongoni. Tulipokuwa tukidai vyama vingi, hatukudai wingi wa vyama kwa ajili ya vyama. Tulidai kwamba mwenye mamlaka aulizwe, na akiulizwa ajibu.

Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na kinaiagiza Serikali kuwapa hifadhi ya kijamii wasioweza kujikimu. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 47 kinamtaka mtawala atende kwa haki, na uamuzi ukimwathiri mtu katika haki zake apewe sababu kwa maandishi. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika ibara ya 35, inamkinga mtu asifungwe na uamuzi mzito uliofanywa na mtambo peke yake.

Wekeni vifungu hivyo vinne kando ya ujumbe wa simu unaomwambia mjane alipe shilingi 9,900. Sababu ziko wapi? Maandishi yako wapi? Binadamu aliyeupitia uamuzi huo yuko wapi?

TUNADAI NINI

Kwanza, kanuni ya kukadiria ichapishwe: kila swali, na uzito wa kila jibu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ibandikwe katika kila kituo cha afya na kila ofisi ya wadi.

Pili, kila kaya ipewe kwa maandishi mapato iliyokadiriwa kuwa nayo, wala si mchango peke yake, pamoja na majibu yaliyotumika kufikia makadirio hayo.

Tatu, rufaa isikizwe katika wadi, bila malipo na kwa muda uliowekwa, na mgonjwa ahudumiwe wakati rufaa ikiendelea. Mwaka 2023 nchi iliwakabidhi mikoba wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Hao huingia nyumbani. Wanajua mabati yalitoka wapi. Ushahidi wao, pamoja na wa wawakilishi wa dini, wa wanawake na wa watu wenye ulemavu, uwe na nguvu ya kuipinga kompyuta. Chifu na aitwe kama shahidi, asiwe hakimu.

Nne, wale ambao Serikali imekwisha kuwatambua kuwa hawajiwezi, kama vile walio katika Inua Jamii, wasipimwe mara ya pili. Waingizwe moja kwa moja katika orodha ya wanaolipiwa. Haiwezekani mtu awe maskini katika ofisi moja na tajiri katika ofisi ya pili, siku moja, kwa kitambulisho kimoja.

Tano, sakafu ya shilingi 300 iondolewe kwa kaya zilizo chini ya shilingi 10,909, na asiye na mshahara aruhusiwe kulipa kwa mwezi au kwa msimu wa mavuno, bila kulazimishwa kukopa.

TUTENDE NINI

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hatutarajii kwamba madai haya yatajibiwa kwa sababu tu ni ya haki. Kwa hiyo tunaziomba parokia, makanisa na vikundi vyetu vyote viweke meza nje baada ya ibada. Kila kaya ije na ujumbe wake wa mchango. Kijana anayejua hesabu agawanye mchango wa mwezi kwa 275, azidishe kwa 10,000, aandike jibu kwa herufi kubwa, kisha amuulize mwenye kaya: hizi ni zako? Palipo na tofauti, iandikwe barua ya kuomba sababu chini ya Kifungu cha 47, na barua ya kuomba kanuni chini ya Kifungu cha 35. Nakala zihifadhiwe. Barua zikikusanyika, zipelekwe Bungeni kwa Kifungu cha 119, ambacho kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi huko.

Tusiwakataze watu kujiandikisha. Huduma za msingi ni haki yao, na asiyejiandikisha anawarahisishia kazi wanaotaka kusema kwamba hayupo. Tujiandikishe, tujibu kwa ukweli, kisha tudai kuoneshwa mizani.

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa zama zake waliopunguza kibaba na kuongeza uzito wa mawe ya mizani ili wawanunue maskini. Wale angalau walikuwa na mizani iliyoning'inia sokoni, na mtu mwenye macho aliweza kuwashtaki. Sisi tunadai hicho tu kwa kuanzia: mizani itolewe kabatini, iletwe sokoni, ining'inizwe mahali ambapo mjane anaweza kuitazama.

Mwaka 1988 tuliiona foleni, na kwa sababu tuliiona, haukupita muda mrefu ule mlolongo ukazikwa. Mizani hii nayo, tukiiona, itanyooka. Wenye mamlaka wanalijua hilo, na ndiyo sababu wamechelewa kuifungua kabati. Twendeni tukabishe hodi.